Mdandio

Hilo neno nililitunga mimi. Nalisema mapema ili baadaye mtu asije akanionea huruma ya bure.

Shangazi yangu Cecilia alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne. Alipostaafu akarudi kwetu Ilongero, tukadhani atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Yeye akafuga wafu. Alinunua shuka jeupe la sita kwa sita, akalitandika juu ya meza ya chakula, akaandika katikati jina la babu yake, Mughwai, akaanza kushuka. Nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alihamia Iramba akapotelea huko. Miaka miwili baadaye shuka lilikuwa na watu mia mbili na kitu, na kwenye simu kulikuwa na kundi la WhatsApp linaitwa Wafukuaji. Ndugu wa Singida mjini wamo, wa Dodoma wamo, wa Arusha wamo. Chakula kwake tukawa tunakula tumeshika sahani mkononi, maana mezani wamekaa marehemu.

Mimi ndiye nilikuwa miguu ya Wafukuaji. Nina pikipiki, napakia abiria kati ya Ilongero na mjini. Shule niliachia kidato cha pili, kukaa dawatini kulinishinda. Shangazi akisikia mahali fulani kuna mzee anakumbuka mambo ya zamani, ananipigia simu, hasalimii. "Isaka, washa." Nikifika namkuta ameshavaa helmeti yake, daftari liko kwenye mkoba.

Watu wakishinda kwenye kazi moja wanajitengenezea maneno yao, na sisi tulikuwa na yetu. Mzee ambaye ukimfikia huendi tena nyuma, hakuna anayemjua baba yake, huyo alikuwa kisiki. Mtu anayetajwa tu jina, hana kaburi, hana mtoto, hakuna aliyewahi kumwona, huyo ni babu hewa. Kumpelekea mzee ugoro na soda ili kumbukumbu zipande ni kumchaji. Na kuna zile hadithi tamu ambazo mzee anakupa kwa sababu umetoka mbali na hataki urudi mikono mitupu, hata kama ametunga asubuhi hiyo hiyo. Hizo tuliziita sukari ya wageni. Tuko ndani ya nyumba ya watu, Shangazi ananigeukia taratibu, "Isaka, chai hii sukari imezidi kidogo," mimi najua: tunamalizia vikombe, tunaaga.

Halafu kulikuwa na penseli na wino. Hiyo haikuwa utani. Mtu yeyote akiingia kwenye shuka anaingia kwa penseli. Ili apigwe wino anahitaji mashahidi wawili, tena wasiwe wa moshi mmoja, yaani wasitoke kwenye nyumba moja. Na shahidi awe na mdomo au mhuri. Mdomo ni mtu aliyeona. Mhuri ni kitu: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, au alama ya ukoo wetu, ile mistari miwili na nukta katikati ambayo imechongwa chini ya kigoda cha Mughwai mwenyewe. Kigoda hicho anakikalia bibi yangu Magreth mpaka leo, anapepetea mtama juu yake.

Sasa akatokea Nathan. Jamaa wa makamo, anauza asali Ikungi, na yeye jina lake la mwisho ni Mughwai. Mtu akamwingiza kwenye kundi. Akaandika salamu ndefu, kwamba bibi yake alimwambia babu yao alitoka Ilongero, kwa hiyo anaomba atafutiwe tawi. Shahidi mmoja, marehemu. Shangazi akamwandika penseli pembeni kabisa, karibu na pindo. Mimi siku hiyo nilikuwa kijiweni sina abiria, kidole kinawasha. Nikaandika kwenye kundi: "Huyu siyo ndugu, huyu ni mdandio. Kaona gari linatembea, karukia nyuma."

Watu walicheka siku mbili. Neno likashika. Kuanzia hapo kila mwenye penseli bila mbele wala nyuma akawa mdandio. Nathan mwenyewe hakujibu kitu. Hakutoka kwenye kundi pia.

Mwezi wa tano Shangazi akatangaza. Siku ya ukoo itakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, baada ya mavuno, na shuka litatundikwa. Kabla ya hapo atapitisha kifutio. Walio kwa wino watabaki, penseli zote zitafutwa, kwa sababu litapelekwa mjini likachapishwe na hataki kuchapisha maneno ya kudhani. Chini akaorodhesha wenye penseli, ili mwenye shahidi amlete. Majina kumi na tisa.

La kumi na moja lilikuwa Isaka Antipasi. Mimi.

Sikujua. Kweli, miaka miwili nalibeba shuka lile kwenye pikipiki na sikuwahi kutafuta jina langu, nani anatafuta jina lake kwao? Fredrick, binamu yangu wa Arusha, akaandika, "Kumbe mwenye neno naye mdandio," akaweka sura tano za kucheka.

Nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo. Nimeona orodha."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mimi nimekulia nyumba ile pale. Wewe mwenyewe kila likizo ulikuwa unanifundisha kusoma."

"Nilikufundisha. Lakini ulipozaliwa sikuwepo, baba. Hakuna kati yetu aliyekuwepo."

Hilo ni kweli. Baba yangu Antipasi, mdogo wake Shangazi, aliondoka kijana kwenda Rungwa, kule mwisho wa mkoa kwenye pori la akiba, kufuga nyuki. Akafia huko kwa malaria. Aliyeleta habari ya msiba ni mama yangu, Dorika, ambaye hapa hakuna aliyekuwa amemwona kabla. Alishuka kwenye basi na mimi mgongoni, mwaka mmoja na nusu. Aliishi kwa Bibi miaka mitatu, akaugua, naye akafa. Kaburi lake liko nyuma ya zizi.

"Bibi si yupo," nikasema.

"Mama ni shahidi mmoja."

"Mpige simu Mungu awe wa pili."

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Aliuweka mchicha chini. "Nikikupiga wino wewe kwa sababu nakupenda, Nathan nitamwambia nini? Kwamba yeye simpendi?"

Nikaondoka bila kuaga, kitu ambacho kwetu hakifanywi.

Siku nne baadaye Nathan alinitumia ujumbe, sio kwenye kundi, kwangu peke yangu. Anasema asali yake anaichukua Rungwa. Kuna mzee wa nyuki huko, Damiani, ambaye siku ya kwanza aliposikia jina la Mughwai alimuuliza kama yeye ni wa kwa kina Antipasi. "Naenda wiki ijayo kufuata mzigo. Kama unataka kwenda, njoo na pikipiki yako, madumu yatarudi na lori."

Niliusoma mara tatu nikitafuta kejeli. Haikuwepo.

Nikampitia Ikungi saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mrefu, mkimya, ana koti la baridi linalomfikia magotini. Tukapita Mkiwa, tukakata kuelekea Itigi. Ukishaingia kwenye vile vichaka vya Itigi hakuna cha kuangalia, ni ukuta wa miti midogo kushoto na kulia, unaendesha tu. Halafu nikamsikia sikioni.

"Isaka."

"Naam, anko."

"Lile neno ulilitoa wapi?"

"Neno gani?"

"Unalijua."

Nikapunguza gia. "Kijiweni. Kuna vijana wanadandia malori ya alizeti, wanashukia mjini."

"Ni neno zuri," akasema. "Mke wangu ndilo ananiitia siku hizi. Mdandio, njoo ule."

Sikuweza kugeuka nione kama anacheka.

"Nisamehe, anko."

"Endesha. Kuna shimo."

Tulilala Itigi. Kesho yake barabara ikawa vumbi na mbung'o, wale wadudu wanauma juu ya shati kama shati halipo, na saa nane mchana tukaingia Rungwa. Mzee Damiani tulimkuta nje ya nyumba yake amepakata gogo anachimba mzinga. Nikampa shikamoo, akaitikia akiendelea kugonga. Nilikuwa nimekuja na ugoro na soda mbili, kumchaji kama tunavyofanya. Ugoro akauweka mfukoni. Soda akampa mjukuu.

"Huyu ndiye Isaka wa Antipasi," Nathan akamwambia.

Hapo akaacha kugonga. Akaniangalia miguu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Umekuwa mkubwa," akasema. "Mara ya mwisho ulininyea."

Nikaiwasha simu irekodi, nikaiweka gotini, ndiyo sheria ya Shangazi. Nikamuuliza vile vile tunavyouliza kila mahali: babu, mimi ni mtoto wa nani?

"Wa Antipasi."

Roho ikashuka mahali pake. Shahidi wa pili, moshi mwingine, mdomo anao. Ningezima simu pale pale mambo yangeishia hapo. Lakini mzee alikuwa ameshaanza, na mzee akianza humkatishi.

"Mama yako alikuja hapa kambini kupika. Alikuja na mimba ya miezi mitano. Aliyempa alikuwa ameondoka na lori kwenda Mbeya, hakurudi."

"Dereva?"

"Hata dereva angekuwa na nafuu. Utingo."

Nathan akainuka, akasema anaenda kuangalia madumu. Mzee akaendelea kama anasimulia habari za mvua.

"Antipasi alijua. Kila mtu alijua. Akamchukua mama yako, ukazaliwa. Sasa sisi hapa kambini tulikuwa na utaratibu wetu. Mtu akipata mtoto wa kwanza anachonga mzinga, anaweka alama ya kwao, na chini ya alama anakata kakovu kadogo. Hako kakovu ndiye mtoto. Huo mzinga siku baba akifa ni wa mtoto, hata ndugu hawagusi. Kwa hiyo huwezi kumchongea mtoto wa mwenzako. Siku ya pili tu baada ya kuzaliwa wewe, Antipasi akaleta gogo la mninga, akaniambia nimshikie. Nikamwambia, we Antipasi, unataka kuweka alama ya kwenu kwa mtoto wa utingo?"

Akanusa ugoro.

"Akasemaje?"

"Akasema, shika vizuri, acha kuongea, patasi itaenda kombo."

Alinipeleka kuuona. Ni mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwake. Mzinga uko juu, umefungwa kwenye tawi, umekuwa wa kijivu kwa jua na mvua, na nyuki wanaingia na kutoka. Miaka yote hiyo mzee amekuwa akiupandisha na kuushusha, akivuna, akibadilisha kamba. Nikavuta karibu kwa simu. Mistari miwili. Nukta katikati. Na chini, kakovu kadogo, urefu wa kucha.

Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Jioni mzee alinipa lita moja ya asali, akasema ni ya mzinga wangu, nimpelekee mama yake Antipasi. Wakati tunafunga mizigo Nathan akanisogelea.

"Rekodi ina dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Dakika ya kwanza inatosha. Wewe unamuuliza, yeye anajibu wa Antipasi. Kata hapo. Weka na picha."

"Na wewe uliyesikia?"

"Mimi nilikuwa kwenye madumu."

Nikamwangalia. Yeye mwenyewe alikuwa penseli, na kifutio kinakuja. Angeweza kulitumia hilo, hata kunirudishia tu lile neno mbele ya watu arobaini. Nilichomfanyia mimi kilikuwa kibaya kuliko hicho, na nilikifanya kwa sababu sikuwa na abiria.

Nilifikiria kuikata. Sidanganyi. Nilifikiria kuanzia Rungwa mpaka Itigi, na pale Itigi kidole kilishafika juu ya sehemu ya kukata. Lakini nikaona nikikata, nitakuwa nimemkata na baba. Lile la patasi liko dakika ya tisa.

Nilipofika Ilongero nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Shangazi alikuwepo pia, wanapepeta mtama. Bibi yuko kwenye kigoda chake.

"Mume wangu karudi," Bibi akasema. "Umepauka kama umelala kwenye majivu."

Nikawaamkia, nikampa asali, nikaweka simu katikati yao juu ya ungo, nikabonyeza. Nikaacha iende yote. Nilikuwa naangalia kuku. Ilipofika kwenye utingo nilisikia Shangazi anavuta pumzi. Ilipoisha nikasema, "Basi. Futa."

Bibi ndiye aliongea kwanza.

"Mzinga bado una nyuki?"

"Wamejaa, Bibi."

"Yule hakuwa na mkono wa kuchonga. Alinivunjia miko yote ya ugali akijifunza. Nionyeshe." Nikampa picha. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali. "Imenyooka," akasema. "Basi alitulia."

"Bibi, ulikuwa unajua?"

"Mama yako aliniambia siku ile ile ya kwanza, mzigo hajautua. Nikamuuliza, mtoto ameshakula? Akasema bado. Nikakupikia uji."

Shangazi akamgeukia. "Mama. Miaka miwili nakuuliza."

"Umeniuliza huyu ni mtoto wa nani. Nimekujibu, wa Antipasi. Ungeuliza lingine ningekujibu lingine."

Shangazi aliuvuta ungo mapajani. Namjua, alikuwa anapekua kichwani nyumba zote tulizokwenda, wazee wote waliotujibu "wa fulani" na yeye akaandika amezaliwa na fulani, akapiga wino, akafunga daftari. Mia mbili na kitu.

"Kumbe hata sijui nimeandika nini," akasema.

Akainuka, akaenda kwake kulichukua shuka. Tukalitandika pale pale uani juu ya mkeka, Bibi akafukuza kuku. Jina langu lilikuwa chini ya Antipasi, limefifia, nusu yake nimeikalia. Shangazi akapiga magoti, akafungua kalamu ya wino.

"Subiri," nikasema. "Umesikia rekodi. Mimi nimedandia."

"Wewe ni dereva wa bodaboda," akasema bila kuinua kichwa. "Mtu anayedandia na mtu uliyempakia mwenyewe ni sawa?"

"Si sawa."

"Aliyedandia, dereva hana habari naye. Wewe Antipasi alisimamisha, akakupakia, akakufunga mkanda. Kaa vizuri, unakalia jina."

"Pikipiki haina mkanda, Shangazi."

"Nyamaza, kalamu itaenda kombo."

Alikuwa ameshaandika herufi mbili ndipo akasikia alichosema. Mkono ukasimama. Alijifuta macho kwa bega, maana kidole kilikuwa na wino, akaendelea. Chini ya jina akachora kakovu kadogo. Akaniambia hako ndiko katakuwa alama ya waliopakiwa, na tutarudi kila nyumba kuuliza upya, na pikipiki nijaze mafuta.

Siku ya ukoo shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa Bibi. Kifutio hakikupita. Shangazi aliwaambia watu penseli zibaki, uchapishaji utasubiri, kuna kazi ameigundua. Fredrick alitoka Arusha akasimama mbele ya jina langu, akauliza kale kakovu ni nini. Nikamweleza lote, utingo na yote. Akaiweka simu mfukoni, safari hii bila sura za kucheka.

Nathan alikuja amevaa koti lake lile lile, jua la saa saba. Alikaa nyuma kabisa, karibu na wapishi, mtu ambaye hana uhakika kama sahani yake imehesabiwa. Nilipokea sahani mbili, nikaenda kukaa naye. Jina lake lilikuwa bado kwa penseli, kule kwenye pindo.

"Bibi yako, yule aliyekwambia mmetoka Ilongero," nikamuuliza, "alikuwa na mdogo wake yeyote aliye hai?"

"Yupo mmoja. Yunisi. Yuko nyuma ya Ikungi huko, hasikii vizuri."

"Anatumia ugoro?"

"Sana."

"Jumanne nakupitia," nikamwambia. "Saa kumi na mbili. Na uache hilo koti."